Nimelipa Kutembezwa Polepole

Chama chetu cha kuweka akiba kina watu wenye akili zao, ila wakishakula nyama choma pale Kenyatta Market hawajui tena wanachopigia kura. Hoja zilikuwa mbili: tununue kiwanja Kitengela, au twende tukapande Mlima Kenya. Mimi nilikuwa upande wa kiwanja. Kiwanja hata kiwe na kesi kortini, unaweza kusimama juu yake bila kutapika. Shemeji yangu, ambaye ndiye mweka hazina, akanyanyuka akasema viwanja vitakuwepo tu, magoti yetu ndiyo hayatakuwepo. Watu wakapiga makofi. Nilipomtazama mama watoto anitetee, naye alikuwa anapiga makofi.

Haya. Bei tuliyopewa ilijumlisha mwongozaji, wapagazi, mpishi, ada ya kuingia mbugani, chakula na malazi. Haikujumlisha chochote cha kukuzuia usife. Buti, begi la kulalia, tochi ya kichwani, glavu, koti la mvua, suruali ya mvua, soksi za sufu, yote juu yako. Nikaelekea Gikomba, soko la mitumba, alfajiri, wakati wa kufungua marobota. Nikapata buti za maana, ngozi nene, ndani ya ulimi jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu ya wino, na kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja tu. Nikamuuliza muuzaji zimetoka wapi. "Ujerumani, mkubwa." Zimewahi kupanda mlima? "Hizi? Zinajua njia zenyewe." Huyo Mjerumani, popote alipo, alikuwa anachechemea, kwa sababu tangu nizivae na mimi nachechemea.

Shemeji akasema lazima tufanye mazoezi. Mazoezi gani? Naishi ghorofa ya sita, lifti iko tangu tuhamie ila haijawahi kutubeba, na maji yakikatika napandisha mitungi kwa mkono. Hakuna aliyenilipa wala aliyenipiga picha. Lakini mazoezi ya watu wa mlima hayahesabiki mpaka uende mbali kuyafanya. Basi tukapelekwa Ngong kupigwa na upepo vilimani, halafu Lukenya, kule Mombasa Road ukishapita Athi River, kufundishwa kamba.

Pale Lukenya kijana mmoja akanivalisha mkanda wa kiunoni na mapajani, ukanibana mahali ambapo sitataja. Akanifundisha fundo la nane, nikalifunga, akalifungua, nikalifunga tena. Kisha akanisimamisha ukingoni mwa jabali, mgongo ukiangalia shimo, akaniambia: "Sasa mzee, lala nyuma. Iamini kamba." Jamani. Mimi nimezaliwa Pumwani, nikakulia Kaloleni, makanga akinirudishia chenji naihesabu mara mbili na noti naiangalia kwenye mwanga. Leo niamini kamba niliyotambulishwa asubuhi hiyo hiyo? Nilishuka, ndiyo, lakini nilishuka nikiwa nimelikumbatia jiwe, na kijana akasema hajawahi kuona mtu akishuka kwa mtindo huo.

Siku ikafika, tukapanda matatu ya kukodi hadi Nanyuki, kisha lango la Sirimon, ambalo tayari liko mita 2,650. Nairobi kwenyewe tunaishi juu ya mita 1,700 hatujisifu. Kambi ya kwanza, Old Moses, iko mita 3,300. Njia ni barabara ya gari, pana, haina hata mwinuko wa kutisha. Nikasema hii nitaimaliza kabla ya chai. Nikatia mguu.

"Mzee. Polepole."

Huyo ndiye mwongozaji wetu. Kijana wa Nanyuki, mpole, anaongea kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, na anatembea hivi: anainua mguu, anafikiria, anauweka. Anainua wa pili, anafikiria tena. Nilidhani anatutania. Mimi ni mtu wa Nairobi! Mwendo wangu nimeufunzwa na wenye mikokoteni wa Marikiti, ukizembea unagongwa na magunia ya viazi. Ukinitembeza hivyo kule River Road, tukifika mwisho wa barabara simu yangu ina mwenyewe mwingine. Nikimpita ananirudisha. Nikiongeza hatua ananigeukia na lile neno. Na mbaya zaidi, mpagazi anatupita mbio, mgongoni ana begi langu, juu ya begi trei ya mayai, anapiga mluzi. Nikauliza mbona huyu haambiwi polepole. "Huyu amezoea, mzee."

Ule uzee nao sikuuelewa. Nina umri wa kuitwa kaka.

Jioni akatueleza sababu, na kusema kweli alieleza vizuri kuliko daktari yeyote aliyewahi kunipokea. Oksijeni haipungui hewani, ni asilimia 21 kule juu sawa na hapa mtaa wa Tom Mboya, katikati ya Nairobi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Ukifika karibu mita 5,000, kila pumzi unayovuta inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Mwili unahitaji siku za kujirekebisha: unapumua haraka, damu inabadilika, na figo zinatoa maji kwa wingi. Ukikimbilia juu kabla haujawa tayari, kichwa kinapasuka, unatapika, na ukikaidi, maji yanajaa kwenye mapafu au ubongo unavimba. Dawa yake ya uhakika ni moja, kushuka.

Hayo ya figo alipaswa kuyasema kwa herufi kubwa. Tukiwa kambi ya Shipton, mita 4,200, niliamka usiku nikiwa nimebanwa. Kutoka kwenye begi la kulalia ni kazi: zipu inauma kitambaa, tochi imejificha, buti za Mjerumani zimekuwa mawe kwa baridi. Natoka, upepo unanipiga, nyota zimejaa hadi zinakera, namaliza, narudi, najifunika, napata joto kidogo. Nabanwa tena. Nikaanza kusalimiana na shemeji njiani, tukipishana bila maneno. Usiku mzima tulifanya hivyo, watu wazima wenye mikopo ya sako.

Chai nayo ina kesi. Unaona kabisa maji yanatokota, mvuke unatoka, unapewa kikombe, unakunywa, ni vuguvugu. Kumbe kwa urefu ule maji yanachemka yakifika kama nyuzi 86, basi, hapo yamefika mwisho. Nikamuuliza mpishi kuhusu maharagwe, akacheka hadi akakaa chini. Ndiyo maana tulilishwa supu na tambi asubuhi na jioni. Nilipouliza ugali nikaambiwa tumbo halisagi vizito huko. Na mkate niliouweka akiba kwa ajili ya njaa za usiku ulichukuliwa na pimbi, mchana kweupe, mimi nikimtazama. Mwongozaji anasema pimbi ni jamaa wa karibu wa ndovu. Nimeamini. Ujasiri ule lazima uwe na ukoo nyuma yake.

Tukiwa hapo akatuonyesha vilele. Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, vinasimama wima juu ya kambi, mwamba mtupu. Hivyo ni vya watu wa kamba hasa. Sisi tulikuwa tunakwenda Lenana, mita 4,985, kilele cha wanaotembea. Majina yote matatu ni ya malaibon, yaani viongozi wa kiroho, wa Wamaasai, na aliyeyabandika ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899. Sikiliza basi: msafara wake ulianzia hapa hapa Nairobi, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika, na nyuma yake kulikuwa na wapagazi wengi, Waswahili na Wakikuyu, wamebeba kila kitu. Kwa hiyo hata yeye hakubeba begi lake. Nilimkumbusha shemeji jambo hilo, maana alikuwa amenisema sana kuhusu begi langu. Pia tukasimuliwa habari za Kisoi Munyao, aliyepeleka bendera yetu Lenana usiku wa Uhuru, Desemba 1963, na hapo nilinyamaza kwa heshima, ila nikajiuliza kimoyomoyo kama naye aliambiwa polepole.

Usiku wa kilele mnaamshwa saa nane. Kabla ya kuondoka mwongozaji alimwona mwenzetu mmoja, muuza vipuri wa Kirinyaga Road, hayuko sawa. Akamchorea mstari ardhini kwa fimbo, akamwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole. Mwenzetu akaenda kulia, akaenda kushoto, akakaa. Akajitetea: "Mimi hutembea hivi kila Ijumaa." Tulicheka, mwongozaji hakucheka. Dakika hiyo hiyo alimkabidhi kwa msaidizi wake, wakateremka gizani wakiwa wameshikana mikono. Tulipokutana naye Old Moses baadaye alikuwa mzima, anadai chapati na kudai arudishiwe pesa ya kilele.

Sisi tuliobaki tukapanda. Kokoto tupu, unapanda hatua unarudi nusu, na yule kijana mbele na mwendo wake ule ule. Hapo ndipo nilipogundua kitu cha kuudhi: sikuwa naweza hata huo. Nilitaka aende polepole zaidi, na mdomo haukuwa tayari kuomba. Karibu na juu kuna kamba ya chuma na vyuma vya kukanyagia vimefungwa kwenye mwamba, nikajiunga kwa klipu nilivyofundishwa Lukenya, nikatazama chini mara moja, ikatosha. Barafu ya Lewis ikabaki chini yetu, kipande kidogo cha kijivu. Mwongozaji anasema wazee wake waliijua kubwa, na kila mwaka inazidi kuyeyuka.

Jua likatoka tukiwa kileleni. Nikatoa simu, imezimika kwa baridi. Kumbe ilipaswa ilale nami ndani ya begi la kulalia, jambo ambalo shemeji alilijua na hakuniambia. Chupa ya maji imeganda mdomoni. Wenye kujua huigeuza kichwa chini, barafu ianzie upande wa kitako. Lakini naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za chama kwamba aliyetapika Lenana ni mweka hazina. Mimi sikutapika. Picha zangu ziko kwenye simu yake, na hadi leo nikiziomba ananiambia bando limekwisha.

Kupanda nimelalamika vya kutosha, kushuka ndiko kulikomaliza magoti. Nilirudi Nairobi nikawa nashuka ngazi za ploti kinyumenyume, mkono kwenye chuma, watoto wa jirani wakinifuata na kuimba. Na habari zikawa zimeenea. Mama watoto aliwaambia wamama wa ghorofa zote kwamba mumewe amefika karibu mita 5,000, kwa majivuno, nami nilifurahi kwa muda wa chakula cha jioni.

Juzi mama wa ghorofa ya nane amebisha hodi. Mtungi wake wa gesi, ule wa kilo 13, umeletwa na kijana wa bodaboda, na kijana amekataa kupita ghorofa ya kwanza. "Baba, wewe si ndiye mpanda milima?" Nikamwambia mama, mimi nilikwenda kule nikiwa mteja. Wapagazi wako Nanyuki, namba ninazo, nitakutumia. Akanitazama. Mama watoto naye, kutoka jikoni, akanitazama. Nikauinua.

Kufika ghorofa ya saba yule mama, aliyekuwa nyuma yangu na pochi tu, akaniuliza kama siwezi kuongeza mwendo kidogo, ana kitoweo mekoni.