Upasuaji wa moyo kwa mpasuo mdogo: mgonjwa wa Lamu na Malindi anapata nini?

Familia ya Pwani ikishaambiwa kwamba kijana wao ana vali mbovu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo umeharibika, mchango huanza, na nyuma ya mchango huja matangazo. Hospitali fulani, ya Nairobi au ya India, inatibu moyo bila kufungua kifua: tundu dogo ubavuni, siku chache wodini, kovu halionekani. Bei nayo iko juu. Kwa hiyo jamaa hubaki na swali moja: tuzidishe mchango tupate hilo, au tukubali upasuaji wa kawaida? Faida ya mpasuo mdogo ipo na ni ya kweli. Ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na utafiti unaoithibitisha haukufanywa kwa wagonjwa wa aina yetu.

Tuanze na kinachofanyika. Upasuaji wa kawaida hupita katikati ya kifua. Kidari, mfupa wa katikati ya kifua, hukatwa kwa msumeno toka juu hadi chini, mpasuo wa sentimita 20 hivi, na mirija ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu huunganishwa hapo hapo kifuani. Kazi ikiisha, mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na muda huo wote mgonjwa hanyanyui mzigo, hasukumi wala havuti. Mpasuo mdogo hupita katikati ya mbavu upande wa kulia, sentimita 5 hadi 7, kwa wanawake chini ya titi. Mfupa haukatwi. Lakini, na hili wengi hawaambiwi, mashine ni ile ile na moyo unasimamishwa vile vile. Mirija ndiyo inayohama, huingizwa kwenye mishipa ya paja. Pafu la kulia husimamishwa ili kupatikane nafasi, kamera hupenyezwa, koleo refu hubana aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kupitia tundu jingine, na gesi ya kaboni dioksidi hupulizwa kifuani kwa sababu huyeyuka upesi katika damu. Hewa ya kawaida ikibaki ndani ya moyo na kupanda ubongoni, mgonjwa huamka na kiharusi.

Ushahidi mzuri zaidi tulio nao umetoka Uingereza. Utafiti uitwao UK Mini Mitral, uliochapishwa 2023, uliwachukua wagonjwa 330 waliohitaji kurekebishwa vali ya mitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na kuwagawa kwa bahati nasibu: nusu mpasuo mdogo, nusu kidari. Baada ya wiki 12 walipimwa uwezo wa mwili wa kufanya shughuli. Hapakuwa na tofauti. Vifo katika mwaka wa kwanza vilikuwa karibu sawa, asilimia 2.4 kwa 2.5, na ubora wa vali zilizorekebishwa ulilingana. Waliopata mpasuo mdogo walikaa hospitali siku 5 badala ya 6, na kwenye wiki ya 6 walikuwa wakitembea zaidi na kulala vizuri zaidi.

Mtu anaweza kuusoma utafiti huu kwa njia mbili, na zote zina haki. Anayeunga mkono mpasuo mdogo atasema: usalama ni sawa, vali inadumu sawa, na mgonjwa anapona mapema, basi kwa nini umkate mtu kidari? Anayesita atasema: ukishafika mwezi wa tatu wote wako pale pale, kwa hiyo hiyo pesa ya ziada inanunua wiki chache tu.

Kwetu sisi, wiki chache si jambo la kupuuza. Mvuvi wa Faza huvuta nyavu kwa kifua na mabega. Mgema wa Malindi hukumbatia mnazi. Hamali wa gatini hubeba magunia. Kidari kisipounga vizuri, watu hawa hawapotezi starehe, wanapoteza riziki, na mwenye kisukari au unene uliozidi ana hatari kubwa zaidi ya kidonda cha kidari kuoza hadi mfupani, balaa linaloweza kumrudisha wodini kwa majuma. Kuna na hoja ya pili, ambayo naiona nzito zaidi: msichana wa miaka 20 akiwekewa vali ya nyama ya mnyama, vali hiyo itachakaa, na kwa vijana huchakaa mapema kuliko kwa wazee. Atapasuliwa tena. Kidari kilichowahi kufunguliwa huacha moyo umegandamana na mfupa kwa makovu, na msumeno wa mara ya pili unaweza kuupasua. Kumhifadhia kidari chake mara ya kwanza ni akiba ya maana.

Upande wa pili una uzito wake. Wagonjwa wa Uingereza walikuwa wa wastani wa miaka 67, vali zao zimelegea kwa umri. Vali za vijana wa huku huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Hizi hazikulegea. Zimenenepa, kingo zake zimeshikana, kamba zake zimefupika, pengine zimeota chokaa. Mara nyingi vali ya aota nayo imeguswa, mapigo yamevurugika, na chumba cha kushoto cha juu kimetanuka na kina donge la damu. Kurekebisha vali kama hiyo ni kazi ngumu hata kifua kikiwa wazi, na mara nyingi huishia kubadilishwa. Ukiipitishia kwenye tundu la sentimita 6, muda wa moyo kusimama huongezeka. Kuna pia madhara yaliyo ya njia hii hasa: damu inayosukumwa kutokea pajani kwenda juu inaweza kuchana ukuta wa aota, pafu lililosimamishwa linaweza kujaa maji, na kinena kinaweza kuvuja majimaji kwa wiki. Ndiyo maana CT skani ya aota na mishipa ya paja hupigwa kwanza. Hospitali inayotaka kupita pajani bila picha hiyo, iachwe.

Na mikono ya mpasuaji? Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichambua mwaka 2013 karibu operesheni 3,900 za wapasuaji 17. Waliona kwamba mtu huhitaji kati ya operesheni 75 na 125 za mpasuo mdogo kabla ya kuimudu, kisha zaidi ya moja kila wiki ili asiipoteze. Hapa ndipo ninapoegemea. Daktari anayefungua vidari 200 kwa mwaka na anayejaribu mpasuo mdogo mara moja kwa mwezi, akufungue kidari. Swali la kumuuliza ni la hesabu tu, naye hana sababu ya kuudhika: mwaka jana ulifanya ngapi za vali hii, kwa njia hii, na ngapi ulilazimika kuzigeuza kuwa za kidari katikati ya kazi?

Kabla ya yote hayo, iko njia ndogo kuliko zote ambayo husahaulika kwa sababu si mpya. Mjapani Kanji Inoue aliifanya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mrija mwembamba huingia mshipa wa paja, hutoboa ukuta kati ya vyumba vya juu vya moyo, na puto hujazwa ndani ya vali iliyobana hadi kingo zilizoshikana ziachane. Kifua hakiguswi, mashine haihitajiki, mgonjwa huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Inafaa kwa vali iliyobana chini ya sentimita mraba 1.5, yenye kingo laini, isiyovuja sana, na bila donge la damu. Donge hutafutwa kwa eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ya kupitia kooni, kwani eko ya kifuani hulikosa. Puto likichana vali, upasuaji wa dharura unahitajika, na miaka ikipita vali inaweza kubana tena. Lakini mama kijana wa Malindi mwenye vali ya aina hiyo hapaswi kufika mezani pa mpasuaji, wa tundu dogo au kubwa, bila mtu kwanza kumweleza kwa nini puto halimfai.

Kupandikiza moyo nako kumeingia katika mazungumzo haya, hasa tangu Septemba 2024 hospitali ya King Faisal ya Riyadh ilipompandikizia kijana wa miaka 16 moyo kwa roboti bila kufungua kidari. Ni ustadi mkubwa. Hata hivyo, kinachowaua waliopandikizwa hakihusiani na mfupa: moyo mpya kushindwa kuanza kazi vizuri, maambukizi, mwili kuukataa, na baadaye mishipa yake kuziba. Louis Washkansky, wa kwanza kupandikizwa, Cape Town 1967, aliishi siku 18 akafa kwa nimonia. Leo, katika vituo vizuri, karibu 9 kati ya 10 huvuka mwaka, na nusu huishi zaidi ya miaka 12, kutokana na dawa za kutuliza kinga na uangalizi. Utafiti uliobadili mambo karibuni ni wa Marekani, 2023, wa watu 180: mioyo ya wafadhili ambayo ilikwisha simama, ikafufuliwa kwenye mashine yenye damu ya joto, iliwapa wapokeaji uhai wa asilimia 94 kwa miezi 6, dhidi ya 90 kwa mioyo ya njia ya zamani. Hilo linaongeza mioyo. Roboti haiongezi hata mmoja.

Sasa turudi nyumbani, maana mgonjwa akishatoka hospitali, mpasuo unakuwa jambo dogo. Aliyewekewa vali ya chuma atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na damu yake ipimwe INR, kipimo cha jinsi inavyochelewa kuganda, shabaha ikiwa 2.5 hadi 3.5 kwa vali ya mitro. Ikiteremka, damu huganda kwenye vali. Ikipanda, kidonda cha ndoana hakikauki, au damu huvujia ubongoni. Anayeishi Kiunga, safari ya chombo hadi mahali pa kupimia, aijue ratiba na nauli kabla ya kukubali chuma. Metronidazoli na kotrimoksazoli, dawa za kuua vijidudu, hupandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Kisamvu na mchicha haviharamishwi, vinatakiwa viliwe kwa kiasi kile kile kila wiki. Mwezi wa Ramadhani, wafarini ya jioni haina tatizo, ila dawa za kukojoza zipangwe upya na daktari kabla ya kufunga. Mwanamke anayetarajia kuzaa aseme mapema, kwa kuwa wafarini katika miezi mitatu ya kwanza huweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Wanaoahidiwa vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu nao wajue: utafiti wa INVICTUS wa 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huu huu wa vali na mapigo yaliyovurugika, ulionyesha kwamba waliopewa rivaroksabani, kimojawapo cha vidonge hivyo, walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa dawa za jamii ya wafarini. Na hao hawakuwa hata na vali za chuma.

Sindano ya benzathini penisilini ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, uniti milioni 1.2 kwa mtu mzima kila wiki 3 au 4, haikomi kwa sababu vali imebadilishwa. Koo likiambukizwa tena, homa hurudi na kushambulia vali zilizobaki. Kwa wale ambao moyo umedhoofika sana na wanahema hata wakiwa wamekaa, Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2022 watumie penisilini ya vidonge, kwani vifo vya ghafla baada ya sindano vimeonekana kwa wagonjwa wa namna hiyo, na chanzo kinadhaniwa kuwa moyo wenyewe kuzimia kwa mshtuko wa sindano, wala si mzio. Wachomwe wakiwa wamelala, wamekula na wamekunywa maji, kama sindano ndiyo iliyopo.