Dakika 51 ni za kwenye karatasi

Makala moja kuhusu Mavic 4 Pro, droni ya kamera ya DJI, inazisifia dakika zake 51 za kuruka kwa betri moja kana kwamba zote ni za kupiga picha. Namba hiyo hupimwa bila upepo, droni ikienda mwendo mmoja. Panga dakika 30 hadi 35, na anza kurudi betri ikiwa asilimia 30, mapema zaidi kama upepo utakukabili njiani.

Kipya chenye uzito kwangu si hicho, ni lenzi kuu yenye tundu la kuingiza mwanga la f/2.0 hadi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 ili mwendo uonekane laini. Ila juani mwanga huo unazidi, na video itaungua, yaani itakuwa nyeupe mno. Wengi hukimbilia f/11. Kosa, maana mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo na picha hupoteza ukali. Baki f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, uvalishe lenzi kichujio cha ND16, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Ukifungua tundu hadi f/4, tumia ND32, iliyo nyeusi zaidi. Kivalishe droni ikiwa imezimwa, kwa sababu gimbali, mkono unaotuliza kamera, hujipima inapowaka.

Skrini ya RC Pro 2, rimoti ya droni hii, ina inchi 7 na mwanga wa niti 2000; husomeka juani bila kuikinga, na ukiizungusha unapata video ya wima. Ila mwanga wa juu kabisa hula chaji ya rimoti haraka, basi upunguze ukiwa kivulini.

Halafu vihisi vya droni vya kuona vizuizi: nyaya nyembamba huvipita, na ukiweka Sport, hali ya mwendo kasi, havikusimamishii droni kabisa.