Mzee, Umekula Viota Vingapi?

Musambwa ni visiwa vidogo vya majabali katika Ghuba ya Sango, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Vimo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu 2006, na sifa yao kubwa ni shakwe wa kichwa cha kijivu. Ndege hawa hutaga juu ya mawe, mayai mawili au matatu yenye madoadoa, viota vimebanana kiasi kwamba ukihesabu kwa macho tu, kimoja utakihesabu mara mbili na jirani yake utamruka. Ndiyo maana tulikwenda na makaroni.

Watu wawili hutembea sambamba, mita 2 kati yao, kamba imelazwa kuonyesha mpaka. Kila mmoja ana mfuko wa makaroni makavu 200. Kiota chenye yai au kinda kinatiwa kipande kimoja. Ukimaliza unahesabu yaliyobaki mfukoni. Yaliyopungua ndiyo viota. Makaroni hayahitaji kuokotwa, mvua itayalainisha na kuyamaliza. Kazi hufanywa alfajiri au jioni, na sehemu moja isizidi dakika 20, kwa sababu jua likipanda yai lililoachwa wazi linaharibika, achilia mbali mwewe anayesubiri. Shikilia fimbo juu ya kichwa: shakwe hushambulia kilicho juu zaidi. Kinyesi chao hakina kinga. Andika kwa penseli, maana wino ukilowa ni hasara tupu.

Mifuko yenye yaliyobaki, kabla hatujayahesabu, ikatundikwa jikoni, mahali pakavu kuliko pote kambini. Wapishi huko ni wanaume, kwani mila hairuhusu mwanamke kulala kisiwani. Mila hiyohiyo inakataza kumdhuru nyoka. Makaroni hayakutajwa.

Tulipotoka kunawa, sufuria ilikuwa imeshaepuliwa.

“Nimeona ni machache,” mpishi akasema, “nikaongeza na ile pakiti nyingine.”

Pakiti ya akiba! Tukainamia sinia na tochi, tukianza kuhesabu. Vipande vilivyokatika vikaleta mzozo: mwenzangu anataka nusu mbili ziwe kimoja, mimi nataka ncha zihesabiwe kisha tugawe kwa mbili. Mzee wa wavuvi, ambaye kwa heshima alipakuliwa kwanza, alikuwa anapangusa midomo.

“Mzee, samahani, umekula mangapi?”

“Vijana, mimi nahesabu samaki. Pilipili iko wapi?”

Hesabu ya kwanza ikafa hapo. Bila idadi ya alama, hata mzunguko wa pili, wa kuangalia viota vingapi vina alama, hausaidii, kwa sababu kanuni ni hii: alama ulizoweka, mara viota ulivyoviona mzunguko wa pili, gawanya kwa vile vilivyokuwa na alama. Mfano, umeweka alama 180, ukirudi unaona viota 150, na 135 vina alama: 180 × 150 ÷ 135, jumla ni 200. Vile 20 uliviruka mara ya kwanza. Ikikosekana ile 180, umebaki na matembezi.

Ikabidi tuanze upya na alama nyingine isiyofanana na makaroni yaliyokwisha kubaki viotani. Maharage mabichi yana sumu, hayafai kuwekwa mbele ya ndege. Mahindi yangeliwa. Tukachukua njiti za kiberiti, pakiti nzima ya jikoni, tukazikata vichwa vyote ili baruti isibaki kwenye mayai, tukazihesabu mara mbili, safari hii mifuko ikalala nasi chini ya chandarua.

Kazi ikaenda vizuri. Mzunguko wa pili, wa jioni, tukaumaliza kwa kibonyezo cha kuhesabia mkononi, na tarakimu zikaingia daftarini kwa penseli. Tulipofika kambini mpishi alikuwa amechuchumaa mbele ya kuni, sangara amekwisha kupakwa chumvi. Tukamrudishia njiti zilizobaki, kwa adabu, mikono miwili.

Akachukua moja, akaikwaruza. Akachukua nyingine. Akaigeuza upande wa pili, akaikwaruza tena, kisha akainua macho.

“Mzee,” akaita, “wageni wako leo wanakula mbichi.”