Cheti au cherehani?

Mwaka 2008 serikali ya Uganda iliwagawia vijana wa kaskazini fedha za kujifunza ufundi: kushona, useremala, uchomeleaji, ususi. Kila kikundi kiliandika mpango wake, kikaingiziwa benki kama dola 7,500, wastani wa dola 382 kwa kila mwanachama. Baada ya hapo hakuna aliyewafuata kuwakagua. Waombaji walizidi fedha zilizopo, basi vikundi 535 vikapigiwa bahati nasibu, 265 vikapata. Bahati nasibu hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez kulinganisha waliopata na waliokosa.

Baada ya miaka 4 kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38. Sifa zikamiminika. Watafiti wakarudi baada ya miaka 9: pengo la kipato halipo. Waliokosa nao walikuwa wameingia kwenye vibarua na biashara ndogondogo, wakawafikia wenzao.

Je, fedha zilipotea? Sioni hivyo. Aliyetangulia kupata ada ya shule na paa la bati, hata kwa miaka michache, hakuambulia patupu. Tena waliopata walibaki na mali zaidi, na wengi zaidi wao waliendelea na ufundi. Ila wakosoaji wana hoja moja nzito: fedha nyingi zilinunua vifaa na malighafi, mafunzo yalikula sehemu ndogo tu. Kuuita mpango wa mafunzo ni kuuvika kanzu isiyo yake. Ulikuwa mtaji. (Aliyejifunza kushona kwa cherehani ya kuazima anaijua tofauti.)

Na mafunzo yenyewe? Utafiti wa Livia Alfonsi na wenzake, uliotoka 2020, ulilinganisha vijana wa Uganda waliosomea ufundi chuoni kwa miezi 6 na waliofunzwa kazini, mwajiri akilipwa ruzuku. Wa kazini waliajiriwa upesi. Wa chuo walichelewa, kisha wakawapita, kwa sababu walishika cheti: kazi ikiisha hapa, wanabisha hodi pengine na kuaminika. Ujuzi wa yule mwingine anaujua tajiri wake tu.

Ningekuwa mpangaji ningetoa vyote viwili, cheti na vifaa. Lakini kwa bajeti ileile watafikiwa vijana wachache zaidi, na mwanasiasa anayehesabu vichwa jukwaani hatalipenda hilo.