Mie Siumwi, Nipo Likizo

Sasa hivi ndo katoka wa mwisho wa kuja kunipa pole, na sufuria ya uji kaniachia, uji wa mgonjwa kabisa, mwepesi, una ndimu na pilipili manga, wakati mie sina homa sina mafua sina chochote, nilijilaza tu kwenye mkeka chini ya mwembe wangu, hapa hapa Ngamiani, Tanga, saa nne asubuhi. Hilo ndo kosa langu.

Jamani nipo likizo. Siku 28 mfululizo, sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeandika hivyo, na hilo neno mfululizo nimelipenda mno. Mwaka jana waliniita katikati, njoo mara moja tu kuna ripoti, ile mara moja ikala wiki mbili. Safari hii nikasema ndevu sinyoi, simu za kazini sipokei, mwezi wa saba huu kusi linavuma vizuri, mwili upumzike nirudi mtu mpya. Mipango ilikuwepo: asubuhi mkeka, mchana wali wa nazi, jioni Raskazone kuangalia bahari, Jumamosi nipeleke watoto Mapango ya Amboni, maana mie mzaliwa wa Tanga nimeyaingia mara moja tu, darasa la tano, na nililia.

Siku ya kwanza wageni kutoka Dar, naipita. Siku ya pili luku, naipita pia.

Leo sasa. Kapita bibi wa mbaazi na beseni lake kichwani. Nikamwamkia nikiwa nimelala, kosa la pili. "Marahaba mwanangu, una nini?" Nikasema sina kitu bibi, nimepumzika tu. Akasimama, akaniangalia miguu. Mtu akikuangalia miguu ujue anatafuta uvimbe. "Umepumzika na nini?" Na kazi bibi. "Kazi gani hiyo ya kumlaza mwanamume saa nne?" Akashusha beseni, akanipakulia mbaazi na andazi juu yake, hela akakataa. Yule bibi! Ambaye ukibakisha mia mbili anakudai mbele ya wakwe! Alivyokataa hela ndo moyo ukanidunda, nikajishika shingo nisije kuwa naumwa kweli.

Nusu saa haikupita. Huyu kaja na majani ya mwarobaini nijifukize, yule kasikia ni presha. Habari kufika barabara ya kumi na tatu ni mguu, kufika ya ishirini mguu ushakatwa. Halafu akaja mzee wangu mmoja wa msikitini, mtu wa heshima zake, tasbihi mkononi, nikavuta shuka hadi kifuani, maana mtu kaja na dua mpaka kwako si vizuri akukute mzima hivi hivi. Akasoma, nikaitikia amin, nikajua sasa anaaga. Wapi! Akavua kofia akaiweka gotini, akaniuliza, "Wewe vita ya nyuki unaijua?"

Nikajua nimekwisha. Mwezi wa 11 mwaka 1914, Waingereza wanashuka Raskazone na maaskari kutoka India, wengi mno kumshinda Mjerumani na askari wake, mji wameshauona wao, mara risasi zinachokoza mizinga na nyuki nao wanaingia vitani, watu mbio, mwisho wanapanda meli zao na mizigo wanaiacha. Vita yenyewe ilikuwa ya siku tatu nne. Mzee wangu alivyoisimulia ni kama zaidi ya hapo, nyuki mmoja mmoja, huyu kauma wapi, yule kauma wapi. Mji wetu wanauita waja leo waondoka leo, Waingereza walikuja wakaondoka, mzee huyu kaja leo na kuondoka haondoki, andazi kala, mbaazi kamalizia, anauliza kahawa. Na mie mkojo umenibana, lakini mgonjwa ataondokaje mbio?

Nikawatamani popo wa Amboni. Wanalala mchana kutwa, kichwa chini miguu juu, na hakuna bibi anayewauliza wamepumzika na nini.

Nikavumilia, shukurani sana, Mungu awalipe. Saa saba akaja kijana wa dukani na daftari. Daftari! Eti pole kaka, tajiri kasikia kazini wamekupunguza, kwa hiyo tumalizane hii elfu kumi na nane mia tano kabla hujahamia kijijini. Kanipunguza nani? Kijiji gani, mie kijijini kwetu si ndo hapa? Uungwana wote ukaniishia, nikaruka kwenye mkeka, shuka kule, niko na msuli barazani namfokea mtoto wa watu, na mzee pale kwenye kigoda ananitazama huku anatikisa kichwa: "Mashaallah, dua imepokelewa."

Yaani nimechoka, tena sitanii. Mwaka mzima natoka alfajiri narudi macho yameingia ndani, mgongo unalia kama kitanda cha kamba, hakuna aliyeniletea hata maji. Nimelala siku moja, mtaa umejaa. Na mke wangu badala ya kuwaambia watu mume wangu mzima, katia kahawa kwenye birika kubwa, eti nikitaka amani nishike jembe nilale nalo.

Nikasema basi, nichukue baiskeli niende zangu Raskazone. Baiskeli haipo. Shemeji wa Dar kaondoka nayo asubuhi, eti Tanga raha kila mtu na baiskeli yake. Yake! Kairudisha magharibi hii, kengele haina, pampu haina, kwenye keria kafunga machungwa kwenye rambo, onja shemeji, ya Muheza hayo. Nimeonja. Matamu kweli, sikatai, nimekula manne. Lakini pampu ile ni ya marehemu baba, ya chuma, sio hizi za plastiki unapampu tairi inazidi kulala, na namuuliza umeiacha wapi ananiambia alipumzika mahali kidogo. Yeye kapumzika! Aliyeiokota, ina raba nyekundu kwenye mshikio, ailete. Pampu tu, uji ninao.