Ruta Tatu, Tanki Moja

Mimi sikuomba makubwa. Nataka nikiwa Marikiti nauza viungo vyangu, nifungue simu, nilione tanki langu la maji lililo uani kwetu Majengo, hapa Mombasa, nimwone na huyo anayefungua mfereji mimi nikiwa sipo. Basi. Sitaki kurusha setilaiti. Maji mtaani kwetu huja yanapopenda yenyewe, siku nyingine twanunua ya mkokoteni kwa mtungi, na tanki nililojaza Jumamosi, Jumatatu ukiligonga lalia tupu. Mwizi yumo humu humu. Nikanunua kamera na rekoda yake, fundi akaja akafunga, picha safi, waona hadi paka anavyojinyoosha. Lakini mpaka uwe ndani ya nyumba. Ukishatoka mlangoni, giza.

Nikaambiwa: "Fowadi poti tu, ni dakika mbili." Anayesema dakika mbili hajawahi kuishi na ukoo.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kuta za mawe na chokaa, kazi ya babu, mtu aliyejenga kama kwamba Wareno wangerudi. Waifai ikifika kwenye ule ukuta yageuza. Kampuni ilileta intaneti chumba cha mbele kwa Bi Mkubwa, mamangu, kwa sababu mkataba una jina lake na mwenye kauli ya mwisho ni yeye. Ami, mdogo wake marehemu baba, akaona kwake katikati hapati kitu, akanunua ruta yake, kile kiboksi cha kugawa intaneti, akavuta waya kutoka kwa Bi Mkubwa. Mimi huku uani nikanunua yangu, nikavuta waya kutoka kwa Ami. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na kila ruta ilipowashwa ikajiona ndiyo yenye nyumba.

Maana ruta ina tabia hii: walio nyuma yake wote huwaficha, wakatoka nje kwa anwani moja, ile yake. Ukiomba kitu kutoka ndani, inakumbuka nani aliomba, jibu likirudi yampa. Lakini ombi likija kutoka nje bila kuitwa, haijui limwendee nani, yalitupilia mbali. Poti ni kama mlango wenye namba, na kufowadi poti ni kuiambia tu: chochote kikigonga poti 8000, mpe rekoda. Poti zinapita 65,000, mimi nataka moja. Ruta ikiwa moja, kweli, dakika mbili.

Kwetu ikawa hivi. Ombi likitoka mjini linafika kwanza kwa Bi Mkubwa. Ya Bi Mkubwa haiijui rekoda yangu wala haijapata kuisikia, inachojua ni kwamba kuna ruta ya Ami, 192.168.1.20. Basi huko uiambie impe Ami. Ya Ami nayo haiijui rekoda, yaijua ruta yangu tu, 192.168.0.30. Huko nako uiambie inipe mimi. Ndipo yangu impe rekoda. Maagizo yale yale, mara tatu, kwenye vibuyu vitatu tofauti, kila kimoja na paswadi yake, na ya Ami imeandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.

Hujamaliza. Ya kwangu ilitoka kiwandani ikijiita 192.168.1.1. Ya Bi Mkubwa pia 192.168.1.1. Hizo namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa tangu miaka ya tisini ziwe za ndani ya nyumba, dunia nzima yazitumia, hakuna wa kumshitaki. Ila mimi nikikaa uani nikiandika 192.168.1.1 niingie kwa Bi Mkubwa, yajitokeza yangu. Nafuta, naandika tena, yangu tena! Ikabidi ya kwangu niihamishe iende 192.168.5.1. Ati mtu mzima, kwenye banda langu mwenyewe, naambiwa nibadilishe anwani.

Halafu stima ikapotea, kama kawaida yake. Iliporudi, ruta ya Bi Mkubwa ikagawa namba upya: ya Ami si 20 tena, ni 23, na namba 20 kapewa televisheni. Kwa hiyo sasa dunia ikitaka kuniona tanki yagonga televisheni ya Bi Mkubwa. Dawa yake ni kuifungia kila ruta namba yake isibadilike. Hilo hao wa dakika mbili hawakunambia.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, akacheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, mbona wajitesa? Wacha ya nyanya iwe ruta peke yake. Hizo mbili zifanywe za kusambaza waifai tu. Chomeka waya kwenye tundu za kawaida, zima DHCP zisigawe namba, kwisha. Poti waifungua mahali pamoja."

Maneno ya busara. Nikayapeleka kwa Ami baada ya Isha, nikambebea na kaimati.

"Salaam aleikum, Ami. Twataka ile ruta yako iwache kugawa namba, iwe yasambaza tu."

"Yaani iwe tarishi."

"Si tarishi, Ami..."

"Nimeinunua kwa pesa yangu, ina pembe nne, halafu iende ikamuombe ruhusa yule kiboksi cha bure cha kampuni? We mtoto, una adabu kweli?"

Kaimati akala. Na tukiacha pembe, alikuwa na hoja yake, lazima niseme. Ruta yake huwazimia watoto intaneti saa nne ya usiku. Tena anakumbuka ile siku tuliyokuwa wote mtandao mmoja, mpwa wa kike akabonyeza vibaya kwenye simu yake, mpira uko dakika ya themanini na kitu, televisheni ya Ami ikaanza kufundisha kupaka hina ya bibi harusi. Tangu hapo anataka ukuta. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Haya, tukabaki na ruta tatu na maagizo matatu. Kujaribu nako kuna fitina. Ukiwa ndani ya nyumba ukajigongea kwa anwani yako ya nje, ruta nyingi haziwezi kuligeuza ombi lirudi ndani, kwa hiyo huenda iko sawa na wewe waona imekataa. Lazima utoke kwenye waifai, utumie bando. Basi ikawa nakaa barazani na wazee wa kahawa chungu, nazima waifai, nagonga, nangoja. Hakuna. Mzee mmoja akanishauri nisome Ayatul Kursi. Mwengine akauliza mbona nisikae uani na fimbo.

Mpwa akaja akatazama ruta ya Bi Mkubwa, pale inapoandikwa anwani iliyopewa na kampuni. Yaanza na 100.72. Akanyamaza vile daktari anavyonyamaza.

Kumbe namba za 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa 2012 kwa kazi maalumu: kampuni iwaweke wateja wake wengi nyuma ya anwani moja, mtindo uitwao CGNAT. Huko kwa kampuni kuna ruta nyingine, ya nne, siioni, siigusi, sina paswadi yake. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani zilipangwa 1981, jumla kama bilioni 4.3, wakadhani wamekirimu. Mafungu ya mwisho yakagawiwa kanda za dunia Februari 2011, na Afrika, ambayo hugawiwa na AFRINIC kule Morisi, ikaingia kwenye mabaki ya mwisho Januari 2020. Mimi nimekuja sahani zinaoshwa.

Mtu wa Mombasa haya huelezwi mara mbili. Sisi twajua nyumba bila ardhi. Kuta zako, mabati yako, mlango wako wa kuchonga, na chini ya miguu pana mwenyewe unayemlipa kodi na hujawahi kumwona uso. Bi Mkubwa naye ni hivyo hivyo kwenye intaneti: ana ruta, ana mkataba, na anwani si yake.

Na kinachoniuma zaidi ni hizo nyaya zinazoleta intaneti kutoka ng'ambo. TEAMS yatoka Fujairah, yapita chini ya bahari, 2009 ikaibukia hapa hapa Mombasa. SEACOM mwaka huo huo. EASSy ikafuata 2010. Intaneti ya bara yote imepitia mlangoni kwetu ikituaga, na mimi kutoka Marikiti hadi Majengo, mwendo wa mkokoteni, picha haifiki!

Nikapigia kampuni. Binti ana sauti ya asali: "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Nikamweleza CGNAT. Kimya. Akaniunganisha na mwengine, naye akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Wa tatu ndiye aliyejua: anwani ya umma ipo, yauzwa kila mwezi, mbali na bili. Nikapiga hesabu, kwa pesa ile nanunua maji ya mkokoteni na chenji yabaki.

Mpwa akasema afadhali hata ilivyokataa. Poti ya rekoda ikiwa wazi kwa dunia, na paswadi ni ile ya kiwandani, wanakuja wageni. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliingia kwenye kamera, rekoda na ruta kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani, kikazikusanya, Oktoba zikatumiwa kuipiga kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa za Marekani zikazimika. Ya kwangu nikaitazama: admin, 12345. Akaibadilisha, kisha akaiwasha rekoda ijitokee yenyewe nje, ikutane na simu yangu kwenye seva ya walioitengeneza. Ombi likitoka ndani, ruta zote hunyamaza zikapisha. Hakugusa ya Ami, hakugusa ya Bi Mkubwa. Chai yake haijapoa.

Kesho yake niko dukani, napima iliki, nafungua simu: uani huyo! Na Bi Mkubwa kakaa juu ya kibao cha mbuzi kando ya tanki, leso kiunoni, mfereji wazi, jirani wote wamepanga mitungi, na mama mkwe wangu ni wa tatu kwenye foleni.

Nikapiga. "Mama, hayo maji..."

"Wewe si uko Marikiti? Umeyaonaje?"

"Kamera, Mama. Yapitia kwenye kile kiboksi chako cha mbele."

"Aa! Ndicho kinachonilia stima mwezi mzima."

Nikamwona anainuka, anaingia ndani. Kabla sijasema lolote picha ikakatika. Na simu ikalia papo hapo, Ami, amepandwa, ataka kujua kwa nini nimeigusa tena ruta yake.