Printa Isiyo na Waya Bado Ina Waya Mmoja

Maneno "isiyo na waya", yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi, ndiyo yaliyonifanya nitoe fedha zangu katika duka moja la katikati ya mji wa Lubumbashi. Niliyaamini kwa sababu siku zote nilidhani usumbufu wa kuwa na printa nyumbani unatokana na ule waya wa kuiunganisha na kompyuta, ambao haufiki mezani, unakwazwa na watoto, na kupotea siku ambayo unahitajika. Leo, baada ya miaka miwili ya kuishi na mashine hiyo katika nyumba yetu ya Katuba, ninaona kwamba watengenezaji walituondolea waya usio na madhara na kutuachia ule unaoingia ukutani. Kwa mkazi wa mji huu, waya huo wa umeme ndio wa kufikiriwa kwanza, kabla ya bei, kabla ya rangi, na kabla ya Wi-Fi yenyewe.

Niliujua ukweli huo siku ya kwanza. Printa yangu ni ile inayochapisha, kunakili na kuskani kwa pamoja, na wino wake humiminwa kutoka kwenye chupa hadi kwenye matangi manne madogo yanayoonekana kwa nje. Baada ya kumimina, mtu hubonyeza kitufe na mashine huanza kuvuta wino kupitia mirija myembamba hadi kwenye kichwa cha kuchapishia, kazi inayochukua karibu dakika 10, na kitabu cha maelezo kinaonya kwamba katika muda huo mashine isizimwe kamwe. Mnamo dakika ya sita umeme ulikatika mtaa mzima. Uliporudi usiku, printa ilianza kazi yote upya, nami nikaona kwa macho yangu kiwango cha wino kikishuka kwenye matangi kabla sijachapisha hata herufi moja.

Sitaki kumlaumu mtu. Umeme wa mji wetu hutoka kwenye mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na mwingine husafiri kutoka bwawa la Inga, magharibi ya mbali ya nchi, hadi Kolwezi kwa laini yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, na njiani kuna migodi yenye kiu kuliko mitaa yetu. Mtu anayeishi mwisho wa safari hiyo hana budi kuchagua vyombo vyake kwa kuizingatia. Tunafanya hivyo tunaponunua friji, tukiuliza kama ina kinga na kama inavumilia umeme hafifu, lakini tukifika kwenye printa tunauliza tu kama inatoa rangi.

Jambo ambalo wauzaji hawalielezi ni hili. Kichwa cha printa ya wino wa maji kina matundu membamba kuliko unywele. Mashine ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hicho hurudi pembeni na kukalia kifuniko laini cha mpira kinachoziba matundu ili wino usikauke. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, au mtu akizoea kuchomoa plagi ukutani kana kwamba anazima pasi, kichwa hubaki wazi palepale kilipokuwa. Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati hewa ya Lubumbashi ni kavu na vumbi jekundu linaingia hata katika kabati lililofungwa, saa chache za kubaki wazi zinatosha kuanza kugandisha wino. Umeme ukirudi, mashine hujisafisha kwa kufyonza wino mzuri na kuutupa ndani ya sponji iliyofichwa chini yake. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba printa zao "zinakunywa wino" hawasemi uongo, ila wino huo haukwenda kwenye karatasi. Sponji nayo hujaa siku moja, na mashine hukataa kazi hadi ibadilishwe.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kununua printa ya leza, kwa kuwa inatumia unga na unga haukauki. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mtu anayechapisha mara moja kwa mwezi, nami nisingembishia kama angekuwa na umeme wa kutegemewa. Lakini printa ya leza huyeyusha unga huo kwa joto, na inapopasha moto sehemu hiyo inaweza kuvuta wati mia kadhaa, wakati mwingine hata zaidi ya 1,000, ingawa ni kwa muda mfupi. Inveta ndogo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iliyounganishwa na betri moja na paneli ya jua, kama zilivyo nyingi mitaani kwetu, hupiga kelele na kuzima. Printa ya wino inapofanya kazi hutumia wati 10 hadi 20 hivi, pungufu ya balbu zile za zamani, na betri hiyo hiyo inaibeba bila shida. Ndiyo maana mimi nimesimama upande wa wino, na wa matangi hasa. Katriji ndogo za nyumbani, vile vikasha vya wino vya kubadilishwa, mara nyingi huahidi kurasa 100 hadi 200 tu, tena kwa kipimo cha ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 ya karatasi, ilhali chupa moja ya wino mweusi huahidi maelfu.

Kuna jambo la kuangalia kwa wale wanaoletewa printa na ndugu kutoka Ulaya au Dubai. Baadhi ya watengenezaji hugawa dunia katika maeneo, na mashine iliyouzwa eneo moja inaweza kukataa katriji zilizouzwa kwa ajili ya eneo jingine. Nyingine hudai kuunganishwa na intaneti wakati wote na kutumia wino wa mtengenezaji peke yake. Zawadi ya namna hiyo, hapa kwetu, ni mzigo, na ni afadhali kumwomba ndugu huyo kwa heshima anunue kitu kingine.

Sasa niseme kuhusu Wi-Fi, kwa sababu hapo ndipo majirani zangu wengi wanapokata tamaa bila sababu. Wanadhani kwamba anayetaka printa isiyo na waya lazima awe na intaneti ya kulipia nyumbani. Sivyo. Wi-Fi ni njia ya vyombo kuzungumza chumbani, na intaneti ni barabara ya kutoka nje ya nyumba, na printa inahitaji ile ya kwanza tu. Modemu ya mfukoni isiyo na hata megabaiti moja ya salio inatosha kuiunganisha kompyuta na printa. Pasipo modemu, simu inaweza kuwasha mtandao wake wa kushiriki data, kompyuta na printa zikaingia humo, mradi jina la mtandao na neno la siri visibadilishwe kila siku. Na pasipo hata hilo, printa nyingi zina uwezo uitwao Wi-Fi Direct, ambapo mashine yenyewe hutoa mtandao wake na simu huungana nayo moja kwa moja. Hapo inafaa kubadili neno la siri la kiwandani, la sivyo kijana wa nyumba ya pili atakuchapishia picha za wachezaji usiku wa manane.

Kikwazo cha kweli wakati wa kuunganisha ni masafa ya mawimbi ya Wi-Fi. Modemu nyingi za siku hizi hutoa mtandao wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5, na printa nyingi za bei nafuu zinaona ule wa 2.4 tu. Nilipoteza jioni nzima nikiandika neno la siri kwa uangalifu wa karani, huku mtandao niliouchagua kwenye simu haukuwamo kabisa katika orodha ya printa. Nilipowasha ule wa 2.4 kazi ilikwisha kwa dakika mbili.

Baada ya hapo kitabu kiliniagiza kupakua programu ya mtengenezaji, ambayo ilikuwa na mamia ya megabaiti, na kila anayenunua data kwa vifurushi anaelewa maana yake. Nilikataa, na sijajuta. Simu za Apple zina AirPrint, njia yao ya kuchapisha bila programu ya ziada, tangu mwaka 2010, na simu za Android, kuanzia toleo la 8, zimekuja na huduma ya kuchapisha iliyojengwa kwa viwango vya Mopria, umoja ulioanzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox. Windows za sasa nazo huitambua printa ya namna hii zenyewe. Programu ile kubwa ina faida zake, kama vile kuonyesha kiwango cha wino, lakini matangi yangu ni ya plastiki inayopenya mwanga na macho ninayo.

Hata huku kwenye Wi-Fi, hata hivyo, waya wa ukutani ulinifuata. Kwa miezi kadhaa, kila baada ya umeme kukatika, binti yangu alikuwa akiniita kutoka mezani: "Papa, iko natafuta tu." Kompyuta ilitafuta printa iliyokuwa imewaka mbele yake. Sababu ni kwamba modemu inapowaka upya inaweza kugawa upya anwani, yaani namba ya kila chombo kwenye mtandao, printa ikapata nyingine, na kompyuta ikaendelea kubisha hodi kwenye anwani ya zamani. Niliingia katika mipangilio ya modemu nikaitengea printa anwani moja ya kudumu, na tangu hapo tunawasha modemu kwanza, tunasubiri itulie, kisha printa. Binti yangu hajaniita tena kwa ajili hiyo.

Mtu ataniuliza kama usumbufu huu wote una faida, wakati sekretaria, yaani kibanda cha kuchapisha na kutoa nakala, ipo kila kona. Ukihesabu fedha peke yake, jibu langu ni kwamba faida si kubwa kama nilivyotarajia. Kilichonizuia kuachana na mashine hii ni kioo cha kuskani. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha kila shughuli, huombwa nakala yake benki, shuleni na kwa mwenye nyumba, na printa nyingi za aina hii zina kitufe cha kunakili kadi ambacho huweka pande zake mbili kwenye karatasi moja. Nakala hiyo ninaitoa mimi, na sura ya kadi yangu haibaki katika kompyuta ya mtu nisiyemjua. Vilevile fleshi yangu hairudi tena na virusi vile vinavyoficha mafolda. Kwa hati, kuskani kwa nukta 300 kwa inchi kunatosha, na kwa picha za zamani za wazazi nilitumia 600.

Kwa sasa printa iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, imechomekwa kwenye stabilaiza na wala si ukutani moja kwa moja, kwa kuwa umeme unaporudi mara nyingi huja na nguvu isiyo ya kawaida. Kila Jumamosi tunachapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote ili matundu yasizibe, kwa kawaida zoezi la hesabu la mtoto mdogo. Karatasi, za gramu 80, tunazirudisha ndani ya mfuko wake msimu wa mvua, kwa sababu zilizonyonya unyevu hukwama. Mwezi uliopita kijana wa jirani alikuja na kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa 80 katika nakala tatu, akiomba kwa adabu nyingi. Nilimtolea ukurasa wa jalada ili aone ulivyo, kisha nikamtuma kwa mama wa sekretaria barabarani, ambaye ana jenereta.